Fundi Katembo na Noti ya Kwanza

Kibanda cha Katembo kiko Wandegeya, nyuma ya soko, kati ya kibanda changu cha kuchapisha na mwanamke anayekaanga chapati na mayai. Hakina kibao. Anayemtafuta huambiwa: pita huko mpaka usikie muziki usiokwaruza. Katika mtaa ambao kila spika inalia kama inachinjwa, hayo ni maelezo ya kutosha.

Alikuja Kampala kutoka Butembo, mashariki ya Kongo, miaka kumi na mitatu iliyopita, pamoja na mkewe Emérence na mfuko wa bisibisi. Ni mtu mwembamba, wa maneno machache. Mimi hunitania kwa jina la Profesa, kwa sababu nilimwonyesha shahada yangu siku moja na sijaweza kuifuta machoni pake. Wateja wake wengi huleta spika za simu na vyombo vya makanisa. Anavitengeneza vizuri, lakini moyo wake uko kwa mashine ambazo mji umezitupa: zile za kusoma sidii.

Mashine nzuri za aina hiyo huja vipande viwili. Kimoja huizungusha sidii na kuzisoma namba zilizoandikwa ndani yake. Chenyewe hakina sauti hata kidogo. Cha pili, ambacho Katembo hukiita kigeuzi, huzipokea zile namba na kuzifanya sauti, ndipo sauti iende kwenye amplifaya na spika. Kati ya vipande hivyo viwili kuna waya mmoja tu, na kwa ajili ya waya huo mmoja watu wengi wa mji huu wameibiwa. Ndiyo, wameibiwa, na silifuti neno hilo. Kuna maduka ambako kijana aliyevaa tai atakuapia kwamba waya mnene kama nyoka, wenye ncha za dhahabu, utaifanya spika yako iimbe lugha mpya. Anayeambiwa hivyo ni mwalimu aliyeweka akiba mwaka mzima. Mimi jambo hilo hunipandisha damu. Katembo halimpandishi kitu. Anauliza maswali matatu, basi.

La kwanza: mashine zako ziko mbali kiasi gani? La pili: zote zinakula umeme kutoka ukuta mmoja? La tatu, ambalo huwashangaza wote: wakati hakuna kitu kinachopigwa, unasikia nini?

Majibu ndiyo humchagulia. Waya wa shaba, ule wa ncha ya mviringo, ni imara na haujali kukunjwa, lakini unaziunganisha mashine chuma kwa chuma, na kama nyumba ina umeme mchafu basi mvumo wa friji na televisheni nao utapanda humo humo. Waya wa mwanga hauunganishi chuma na chochote, ni mwanga tu unaopita, kwa hiyo mvumo unabaki nje. Huo nao haupendi kupindwa wala kuvutwa mbali. Upo na wa tatu, wenye pini tatu kama wa maikrofoni, ambao ni wa studio na nyumbani hauna kazi. Zaidi ya hayo, anasema, namba ni namba. Tano ikifika tano, imefika.

Asiyeamini hufunikwa. Katembo ana kipande cha kitenge cha njano alichokatiwa na Emérence, mwenye meza ya vitenge sokoni. Anazifunika mashine, anaingiza mikono chini ya kitambaa, anabadilisha waya, anapiga wimbo, anauliza: huu na ule, upi? Nimewaona wanaume wenye magari makubwa wakitokwa jasho mbele ya kile kitenge. Mara nyingine habadilishi kitu chochote mle chini, anajifanya tu.

Niliwahi kumuuliza alikoitoa mbinu hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, hakukuwa na wateja.

"Butembo," alisema. "Nilikuwa fundi wa redio ya parokia. Nikamsumbua Padri mpaka akaagiza waya kutoka Ulaya. Nikaichomeka Jumamosi. Profesa, nikasikia malaika! Nikamwita Padri, sikiliza, na yeye akasikia malaika. Wiki mbili tunasikia malaika. Siku ya kupangusa vumbi, naangalia ile swichi nyuma ya kigeuzi: iko bado kwa waya ya zamani. Ile ya Ulaya ilikuwa imechomekwa tu, haifanyi kazi."

"Ukamwambia Padri?"

"Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile, masikio yangu siyaamini kama macho yangu yanaona waya."

Huyo ndiye mtu aliyeletewa kesi ya Mzee Okwera.

Ilikuwa Alhamisi kabla ya saa sita mchana, nami nilikuwa nimekaa kibandani kwa Katembo. Pikipiki ilisimama, akashuka mzee mrefu, mgongo umenyooka, na mizigo miwili iliyofungwa kwa blanketi la kijivu. Aliiweka juu ya meza kwa uangalifu, kisha akamtazama Katembo kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiyo Mukongo wa waya?"

"Ndiyo mimi, Afande. Karibu kiti."

"Nani alikuambia mimi afande?"

"Blanketi."

Mzee alikaa. Alikuwa ametoka Mbuya, anakoishi na bintiye Alanyo, muuguzi. Amestaafu jeshi baada ya kupiga tarumbeta katika bendi kwa miaka ishirini na sita.

"Nataka waya," alisema. "Mjini wamesema hii yangu ya mwanga ni ya polepole, inakula noti. Nikanunue ile nene ya dhahabu. Bei yake ni ng'ombe."

"Ng'ombe mzima?"

"Na ndama."

Katembo aliuliza maswali yake matatu. Mashine zilikaa moja juu ya nyingine, zilikula umeme kutoka ukuta mmoja, na wakati hakuna kinachopigwa mzee alisikia kimya.

"Basi waya yako haina ugonjwa ninaoujua," alisema Katembo. "Noti gani hiyo inayoliwa?"

Okwera alitoa sidii kutoka kwenye bahasha iliyochakaa pembeni. Ilirekodiwa mwaka 2003, kwenye gwaride la kumaliza mafunzo, na kila mpigaji wa bendi alipewa nakala. Ile redio yake ya zamani ilikufa, sidii ikalala sandukuni miaka mingi. Mwaka juzi Alanyo alinunua mashine hizi kwa familia ya kigeni iliyokuwa inahama, akamletea baba yake kama zawadi. Jioni ya kwanza Okwera alimwita Odur, rafiki yake wa bendi, aliyekuwa mpiga ngoma. Wakaweka namba tano, kipande ambacho Okwera alipiga peke yake mbele ya jeshi zima.

Wimbo ule ulipangwa hivi: tarumbeta inaita, noti moja tu, ndefu na kali, halafu ngoma inajibu, kisha wote wanaingia. Okwera alikumbuka hivyo miaka yote. Aliita, ngoma ikajibu. Lakini jioni ile, ngoma ndiyo ilianza, na tarumbeta ikaja nyuma yake kama mtu anayefunga mkanda akikimbia.

"Odur akacheka mpaka chai ikammwagikia," alisema Okwera. "Akasema, kumbe siku ile nilikuokoa! Ningekungoja wewe, jenerali angesimama mpaka leo. Sasa pale tunapokunywa chai, wazee wote wananiita Afande Kachelewa. Afande Kachelewa, chai imepoa. Afande Kachelewa, wenzako wamemaliza sukari."

Katembo alitabasamu kidogo. Mzee hakutabasamu.

"Jina si kitu. Nimeitwa mabaya zaidi na watu wenye bunduki. Lakini Fundi, mimi nakumbuka. Mdomo ulikuwa mkavu. Nikaulamba. Nikaita. Ndiyo ngoma ikaja. Kama hiyo si kweli, nini nyingine ninachokumbuka si kweli?"

Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba ameacha kupiga tarumbeta kanisani Jumapili. Aliwaambia watu wa kwaya kwamba meno yanamuuma. Alanyo ameanza kumpangia dawa zake katika visanduku vyenye majina ya siku, naye amemwacha afanye hivyo, maana huenda kweli anasahau.

Katembo aliziunganisha mashine kwa waya ule ule wa mwanga. Okwera alichukua rimoti na kuruka moja kwa moja hadi namba tano, kama alivyozoea. Ngoma, kisha tarumbeta.

"Umesikia?" alisema. "Nimechelewa."

Katembo alichomoa waya wa mwanga, akaangalia kama kuna aliyesahau kale kafuniko kadogo ka plastiki kwenye ncha, maana hilo hutokea. Hakukuwa na kitu. Akaweka waya wa shaba. Ngoma, kisha tarumbeta. Akatoa kitenge, akafunika, akapiga mara tatu.

"Ya pili ni nzuri," alisema Okwera. "Sauti imefunguka."

Katembo aliinua kitambaa. Ya pili ilikuwa ile ile ya kwanza.

"Aa!" Mzee alijipiga paja. "Miaka ishirini na sita jeshini, nimetekwa na kitenge!"

Tulicheka wote watatu, lakini hakikuwa kicheko kirefu. Waya ulibadilika, noti haikurudi. Hapo ndipo mtu mwingine angeuza. Mzee alikuwa amekaa mbele yake akiomba kudanganywa, tayari kutoa ng'ombe na ndama wake ili aambiwe kwamba kosa si lake. Ingetosha Katembo kusema neno moja. Nilimtazama akikikunja kile kitenge mara mbili, mara nne.

"Afande, siwezi kukuuzia waya. Kinachokula noti yako si waya."

"Basi ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Mimi nimesema." Akasimama, akaanza kutandaza blanketi lake, pembe kwa pembe, kama kambini.

Wakati huo Emérence aliingia na sufuria mbili: ugali wa kwao uitwao bugali, na sombe, majani ya muhogo yenye samaki. Aliangalia blanketi, akamwangalia mumewe, akaziweka sufuria juu ya blanketi lenyewe.

"Papa, hapa kwetu hakuna mgeni anaondoka saa ya chakula. Nawa mikono."

"Mama, nina safari."

"Mbuya haikimbii. Nawa."

Katembo ana desturi moja ya chakula cha mchana. Mashine yoyote iliyo mezani huachwa ipige tangu mwanzo wa sidii huku yeye akila, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka amalize. Anasema mashine, kama mgonjwa, huonyesha tabia yake mganga akigeuka. Akabonyeza namba moja, akaitia rimoti mfukoni, tukaanza kula.

Namba moja ilikuwa wimbo wa gwaride wa kuingia uwanjani. Namba mbili na tatu hivyo hivyo, ala nyingi za shaba na vishindo vya viatu. Okwera alikula polepole, bila kusikiliza. Kisha sauti ya mtu ikaanza kuzungumza, nzito, ikipumzika baada ya kila maneno matatu.

Mzee alinyanyua mkono uliojaa bugali. "Fundi, toa hiyo! Hiyo ni hotuba ya kamanda."

"Ninakula, Afande."

"Ni dakika kumi na moja! Siku ile watu wawili walianguka kwa jua. Hakuna mtu amewahi kuisikiliza tena. Ruka!"

"Papa, sombe inapoa," alisema Emérence.

Kwa hiyo tuliisikiliza hotuba. Kamanda alisema juu ya nidhamu, kisha juu ya usafi, kisha akarudi kwenye nidhamu kupitia njia nyingine. Emérence alisema mtu huyu angekuwa askofu mzuri. Okwera, bila kujua, alikuwa ameketi wima kabisa, visigino vimegusana. Kamanda akashukuru wageni, akawashukuru tena, akanyamaza. Upepo ukasikika katika maikrofoni.

Halafu tarumbeta ikaita.

Noti moja, ndefu, kali, peke yake juu ya ule uwanja uliotulia. Ngoma ikajibu. Wote wakaingia.

Okwera hakusogea. Tonge lilikuwa limesimama nusu njia kati ya sahani na mdomo. Wimbo ulikwisha.

"Rudisha," alisema.

Katembo alitoa rimoti, akaruka kwenye namba tano. Ngoma, kisha tarumbeta.

"Imekwenda tena!"

Lakini sasa Katembo hakuwa anasikiliza. Aliinama mbele ya kigeuzi, pua karibu iguse ile taa ndogo iliyo mbele yake. Akaruka tena kwenye namba tano. Taa ya kijani ikazimika, ikawaka nyekundu, ikarudi kijani. Akairudisha mwisho wa hotuba na kuiacha itembee yenyewe. Taa ikabaki kijani muda wote, na tarumbeta ikaita.

"Afande," alisema, bado ameinama, "wewe na mimi tumefanya kosa moja. Tumeruka hotuba."

Akamweleza taratibu. Mashine hii ya kusoma, ikiamrishwa kuruka, huacha kutuma namba kwa muda inapotafuta mahali. Kigeuzi kinabaki hakina cha kushika, kinafunga mdomo ili kisitoe makelele. Namba zikianza kuja tena, huchukua kama mapigo mawili matatu ya moyo kabla ya kuzishika na kufungua mdomo. Katika nyimbo nyingine hakuna anayegundua, kwa sababu mwanzoni kuna kimya kidogo. Lakini aliyeikata sidii hii aliuweka mwanzo wa namba tano hasa pale tarumbeta inapoanza. Kwa hiyo kilichokuwa kinaliwa kila mara ni noti ile moja. Waya wa mwanga, wa shaba, wa dhahabu, zote zingeila sawasawa.

"Kwa hiyo niliita."

"Uliita, Afande. Mashine ndiyo ilichelewa."

Mzee aliweka tonge mdomoni, akatafuna muda mrefu. Emérence alimwongezea samaki bila kuulizwa.

Jumamosi mchana tulipanda Mbuya sote watatu, mimi, Emérence, na Katembo mwenye nyaya mbili mfukoni, kwa sababu hachagui waya kabla ya kuisikia nyumba. Nyumba ilikuwa na friji, televisheni na king'amuzi, vyote kwenye ukuta mmoja. Alijaribu wa shaba kwanza, bila kupiga kitu chochote. Spika zikavuma chini chini kama nyuki ndani ya debe. Akaweka ule wa mwanga, ule ule wa zamani wa mzee. Kimya.

"Waya yako ndiyo hii," alisema. "Usiipinde, na usisikilize watu wa mjini."

Odur alifika saa kumi, mtu mnene mwenye kicheko cha tayari, amebeba miwa.

"Afande Kachelewa! Umeniita mapema, au nimechelewa mimi leo?"

"Keti," alisema Okwera.

Sidii ilianza tangu mwanzo wa namba nne. Kamanda alipofungua mdomo, Odur aliruka kama amekalia msumari.

"Eh! Hapana! Rimoti iko wapi?"

Okwera aliugonga mfuko wake wa shati, uliofungwa kwa kifungo. "Siku ile ulisimama kwenye jua. Leo una kiti na chai. Sikiliza nidhamu."

"Bwana, vita vyenyewe vilikuwa vifupi kuliko hii hotuba!"

"Keti, Odur."

Alanyo alikuwa amesimama mlangoni na birika, akimtazama baba yake. Nadhani hakuwa amemsikia akitoa amri kwa muda mrefu. Odur alikaa, akalalamika kwenye nidhamu, akapiga miayo kwenye usafi, na kufikia shukrani za wageni alikuwa ameanza kucheka peke yake. Kisha kamanda akanyamaza, upepo ukapita, na tarumbeta ikaita.

Kicheko cha Odur kilikatika. Ngoma yake mwenyewe ilijibu kutoka kwenye spika, changa kwa miaka ishirini na zaidi. Alikiweka kikombe chini, pole pole, akasubiri mpaka wimbo wote umekwisha.

"Kumbe niliitwa," alisema.

"Uliitwa."

"Na mimi nimetembea mji mzima nikisema..." Alijikuna kidevu. "Weka tena. Na hiyo hotuba, weka yote. Ni adhabu yangu."

Waliisikiliza tena, dakika zote kumi na moja. Safari hii Odur hakuiulizia rimoti. Ilipokwisha, Okwera aliinuka bila kueleza anakokwenda, akaingia chumbani. Tulisikia chuma cha sanduku kikifunguliwa. Alanyo alitua birika mezani.

Katembo alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta, akiuzungusha ule waya wa shaba vidoleni ili autie mfukoni. Noti ilipotoka kule chumbani, yenye kutetemeka kidogo mwanzoni, kisha ikanyooka, mikono yake ilisimama. Alimgeukia Odur na kusubiri. Odur alikuwa tayari ameivuta meza ndogo mbele ya magoti yake, na vidole vyake vikajibu.